Tochi Mbele ya Kioo

Dhamana ilikufa Jumanne.
Runinga ikasubiri mpaka Jumamosi, kwa adabu,
kama jamaa asiyependa mazishi mawili yabanane.

Punta Arenas, Julai. Saa kumi na mbili haijafika
na giza limeshaingia, limevua viatu, limeketi.
Upepo unagonga mabati utadhani unadai kodi.
Sauti ipo: mtangazaji anataja bei ya kuni,
anasema barabara ya kaskazini imefungwa na theluji.
Ila kioo, cheusi. Kaniki tupu.

Na mama yangu, Ercilia, hasikii.
Mwaka wa kumi na tatu huu.
Runinga yenye sauti bila picha, kwake,
ni sufuria lisilo na kitako.

Nikapiga simu dukani. Kijana mwenye sauti ya asali
akahesabu tarehe: "Zimepita siku nne, bibi. Pole."
Pole yake nayo haikuwa na dhamana.

Nikachomoa plagi, nikahesabu hadi sitini.
Nikarudisha. Nikabadilisha kebo ya king'amuzi.
Nikabonyeza rimoti nikitafuta menyu nisiyoiona,
kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya wenyewe.
Nikaipiga kofi mgongoni, najuta kidogo.

Ndipo akaja Danko, fundi wa majokofu ya meli,
ana theluji kwenye nyusi na bisibisi mfukoni.
Hakugusa kitu. Akasema, "Zima taa zote."
Akawasha tochi, akaiegemeza kioo kwa ubavu,
na ndani ya duara dogo la mwanga, lenye upana wa kisahani,
tukaona nywele za mtangazaji.
Akashusha mkono: tai yake. Kitufe.
"Picha haijafa," Danko akasema. "Imekosa taa tu."

Mama akamnyang'anya tochi.
Usiku ule mzima alitazama runinga kipande kwa kipande:
sikio la waziri, goti la mchezaji, nusu ya ng'ombe.
Mtu aliposema, aliutafuta mdomo,
akaupata, akakaa hapo hapo.

Jumapili tuliifungua. Skrubu kumi na saba,
na ya kumi na nane imejificha chini ya lebo,
ile lebo inayosema usifungue.
Kioo tulikibeba wawili, pumzi tumeziacha mlangoni,
tukakilaza kitandani kwa mama, juu ya blanketi la sufu.
Chini yake, karatasi nyeupe, moja juu ya moja,
na chini ya karatasi, taa thelathini na sita
zimepangwa kwenye mikanda kama vifungo vya kanzu.
Moja ilikuwa na doa jeusi. Dogo. Chawa ni mkubwa.

"Umeme unapita kwa zote kwa zamu," Danko akanieleza.
"Moja ikikatika, njia imekatika."
Nilidhani nitasikia habari ya samaki mmoja akioza.
Kumbe hakuna iliyooza. Thelathini na tano
zimegoma kwa ajili ya mwenzao mmoja.
Nilizipenda kwa hilo, nikanyamaza.

Taa ya kubadilisha hakuwa nayo.
Ingetoka Santiago, na barabara mmesikia.
Akachomelea kipande cha waya, akairuka ile iliyokufa.
Tukapunguza mwangaza hadi nusu,
zilizobaki zisije zikachoka.

Sasa picha ipo. Imefifia kama chai ya pili,
na pembe ya chini, kushoto, kumebaki kivuli
pale pale wanapoandika baridi ya leo.
Danko alikataa pesa, akakubali mtungi wa jamu.
Nilitaka kurudisha tochi kwenye droo.
Mama amekaa nayo mapajani.
Habari zikifika mwisho anainuka, anamulika pembeni,
na kusoma kwa sauti asiyoisikia:
"Hasi nne."
Kisha ananigeukia, aone kama nimesikia.